Visahani vya Dada Nekesa

Nikifungua mtungi wa kimchi, ile harufu ya kabichi iliyochacha, kitunguu saumu na pilipili hunipiga puani, nami hucheka peke yangu jikoni. Mume wangu ameshazoea. Yeye hukimbilia dirisha, mimi hutafuta uma. Ngoja niwaeleze ninyi kinachonichekesha, maana yeye nimemsimulia mpaka amechoka.

Nilikuwa na miaka tisa, tukiishi mtaa wa Jericho, Nairobi. Baba alichoma nyama Soko la Burma, na moshi wa kazi yake ulimfuata hadi kanisani. Dada yangu Nekesa, kifungua mimba wetu, alikuwa amemaliza shule na kupata kazi ya kuhudumu mezani katika mkahawa wa Wakorea kule Hurlingham. Baba hakuitaka kazi hiyo hata kidogo. Aliona heri binti yake auze supu pale Burma, mahali ambapo akiinua macho tu anamwona. Wakanuniana wiki nzima, kisha Baba akatoa hukumu.

"Jumapili tutakuja nione mwenyewe. Nisiporidhika, unavua hiyo aproni tunarudi nyumbani pamoja."

Nekesa hakulala vizuri tena. Aliipenda kazi ile kupita kiasi; hata nyumbani alifanya mazoezi ya kubeba sahani nne kwa mkono mmoja. Mimi nilimwombea kwa bidii, ingawa nakiri nilikuwa na sababu zangu: siku nyingine aliniletea maandazi madogo ya mvuke yaliyojazwa nyama, na sijaonja kitu kitamu namna ile tena.

Jumapili ikafika. Baba alivaa tai, Mama kitambaa chake cha kanisani, mimi soksi nyeupe. Katikati ya meza yetu palikuwa na jiko dogo, jambo ambalo Baba alilikagua kwa muda akiwa ameinama. Kabla nyama haijaja, Nekesa akatupangia visahani vidogo: kabichi nyekundu kwa pilipili, figili, maharagwe yaliyoota mikia, na omena, wale dagaa wadogo, waliong'aa.

"Omena wametiwa sukari, jameni!" Mama akaninong'oneza.

Sasa, kwetu ukipakuliwa ugenini, unamaliza. Kubakiza ni kumwambia mpishi hajui kupika. Mama amewahi kunifinya paja chini ya meza ya mchungaji kwa sababu ya tonge moja tu. Kwa hiyo tulikula. Baba alipoitia kabichi kinywani macho yalimtoka machozi, akasema ni moshi, na jiko lilikuwa bado halijawashwa. Tukavisafisha visahani vyote.

Nekesa akaja, akavitazama, akavichukua. Akarudi navyo vimejaa.

"Kuleni," Baba akasema kwa upole.

Tukala. Vikarudi vimejaa. Mara ya tatu Mama alifungua kishikizo cha sketi na kusema, "Baba Nekesa, hawa watu wametupenda mno." Nyama ilipofika na kuanza kulia juu ya lile jiko dogo, Baba, mtu ambaye huijua nyama iliyoiva kwa sauti yake tu, aliitazama ikiungua bila kunyoosha mkono. Alikuwa na shughuli na kabichi. Kila Nekesa alipokuja, Baba alimfuata kwa macho, anavyoinama, anavyowasalimu watu wa meza nyingine, halafu yeye akainamia kisahani tena. Mimi nilikuwa karibu kutapika omena.

Katika mzunguko wa tano mwenye mkahawa, mama mmoja Mkorea mwenye nywele nyeupe, akatoka jikoni. Kiswahili chake kilikuwa cha Nairobi kabisa.

"Mzee, si lazima umalize! Sahani ikiwa tupu, sisi tunaongeza. Ukishiba, bakisha kidogo tu."

Mama akainamisha kichwa. Baba akaweka uma chini, akamgeukia Nekesa.

"Wewe ulijua?"

"Nilijua, Baba."

"Na hukusema kitu?"

Nekesa akaishika aproni kwa mikono yote miwili. "Niliogopa, Baba. Nilijua ukimaliza kula utasimama, uniambie nivue aproni."

Nilishika mkono wa Mama. Baba akapangusa jasho.

"Haya, rudi kazini," akasema. "Si unaona watu wa meza ile wanakuita? Lakini hii kabichi usiilete nyumbani kwangu."

Nekesa aliondoka karibu kukimbia. Miaka yote baadaye niliisimulia hadithi hii nikimcheka Baba, mshamba aliyeshindwa na adabu yake mwenyewe. Nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza, Mama alikuja kunitunza, nami nikamsimulia tena. Safari hii hakucheka.

"Baba yako amehudumia watu maisha yake yote," akaniambia. "Unafikiri hakuwaona wale wa meza ya pili? Walibakiza, na hakuna aliyewaongezea. Aliona tangu mara ya kwanza. Nilipotaka kuacha, alinikanyaga mguu. Akaniambia, tukibakiza, mtoto hatarudi hapa mezani, na mimi bado sijamaliza kumtazama."