Uwanja Uliokuwa Ukisinyaa

Siku hizi kijana akiniambia kompyuta yake imezeeka, haiwezi gemu, namtazama tu. Miaka ya themanini kule Kayole, kabla stima haijatufikia, dada yangu alipewa kompyuta kuukuu na mwajiri wake aliyekuwa akihama nchi. Tuliiunganisha na televisheni yetu ndogo isiyo na rangi, zote mbili tukaziwasha kwa betri ya gari.

Gemu ilikuwa moja tu: kinukta cheupe ndicho mpira, na kibao cha kuuzuia usipite. Betri ilipoanza kuishiwa nguvu, picha ilisinyaa kutoka pembeni na uwanja ukawa mwembamba. Hatukujua ni betri. Tuliamini gemu ndivyo ilivyotengenezwa, inakubana kadiri unavyozidi kuwa hodari. Dada peke yake ndiye aliyeweza kucheza mpaka uwanja ukabaki upana wa kiganja, kisha kioo kikazima. Hapo tulimshangilia: amemaliza gemu! Kesho yake tulibeba betri kwenda kuichajisha.

Baadaye aliolewa mtaa wa Tena, kwenye nyumba yenye stima, akaenda na kompyuta yake. Nilipomtembelea nilikuta ameiunganisha na televisheni kubwa ya rangi. Tulicheza mchana kutwa. Mistari ya uwanja haikusogea hata kidogo.

Jioni dada aliacha kucheza, akaukunja mkono wake uliochoka.

"Imeharibika tangu nihamie hapa," aliniambia kwa huzuni. "Siku hizi hata ucheze vipi, hushindi."