Foto yangu ya matangazo ya ndoa ilinifikisha ku biro ya padiri, juu ya mabutoni

Wakuu, jambo zenu, na bamama bote benye bako humu.

Leo niko na yangu ya kusimulia. Haiko ya rafiki ya rafiki, ni sura yangu miye mwenyewe. Nikiongeza hata kidogo, bwana yangu iko hapa pembeni anasoma, atanisuta mbele yenu.

Kiswahili yangu ni ya Bukavu, munivumilie. Nikisema mabutoni, ni chunusi; yenga ni wiki, biro ni ofisi, njo ni ndiyo.

Wakati ile nilikuwa nakaa Bagira kwa wazazi, nauzisha bitenge ku soko ya Nyawera. Mabutoni yalinianza ku shule na hayakutoka. Paji, mashavu, kidevu, fasi yote. Baclient banakuja kuangalia kitenge, banaangalia sura yangu, banaanza kunipa dawa: dentifrisi ya kupigia meno, ndimu, mukojo wa mutoto. Eh, mukojo jamani! Ile moja nilikataa. Zingine zote nilijaribu.

Fabien, fiyanse wangu, muchumba, hakusemaka kitu juu ya ile sura. Miaka mbili tunatembea naye, ananipeleka ku misa ku parokia yao, hakuniuliza hata siku moja. Dote, ile mahari, ikatoka, familia zikakubaliana, ikabakia kanisa.

Sasa huku kwetu, mbele ya ndoa, foto ya bote babili inabandikwa ku tablo, ubao ya matangazo, mulango ya kanisa, bayenga tatu. Mwenye anajua kizuizi, aende kuambia padiri.

Miye kizuizi sikuogopa. Niliogopa foto! Parokia muzima kusimama pale kuangalia mabutoni yangu bayenga tatu? Aah, hapana.

Nikaenda kwa maman mumoja mwenye anauzishaka mafuta. Akafungua tube moja, akafungua ingine, akamimina mu kopo, akakoroga na kijiko. Hiyo njo banaita melanje. Akaniambia, "Ma fille, binti yangu, yenga moja tu, utanitafuta na fanta ya kunishukuru."

Na kweli wakuu! Yenga moja, sura ikalala. Nikakuwa mweupe, laini, hata maman yangu aliniangalia mara mbili. Siku ile ile nikakimbia kupiga foto. Nilijipenda sana, sitabadanganya.

Foto ikabandikwa ku parokia yetu Bagira na ku parokia ya Fabien. Yenga ya kwanza nilisali kwetu, nikasimama karibu ya tablo nijionyeshe.

Kopo ikaisha. Nilirudi kununua nyingine, maman wa mafuta alikuwa amesafiri. Siku ya tatu sura ikaanza kuwaka moto. Siku ya ine mabutoni yakarudi na ndugu zao bote, mekundu, mengine na usaha. Nililia mpaka macho yakavimba, nikakuwa mubaya zaidi.

Na ndani ya ile kilio, Fabien anapiga simu: "Padiri anatuita. Kuko mutu ameleta kizuizi."

Nani? Nilifanya nini? Nilijifunga fulari, kitambaa ya kichwa, mpaka puani, nikapanda moto, ni kusema pikipiki, nikaenda. Nilikuwa nawaza bitenge za bamama zimeshashonwa, na ndoa inakufa.

Ku biro nakuta padiri, Fabien, na Maman Véro. Huyu ni mama muzee wa parokia yao, anafagiaka kanisa, anakaaka ku benchi ya mbele. Kusoma hajui, lakini foto zote za tablo anazipitia moja moja.

Padiri akaniomba nitoe fulari. Nikaitoa.

Maman Véro akaruka ku kiti. "Njo huyu! Padiri, njo huyu nilikuambia! Huyu mutoto Fabien anatembea naye miaka mbili, tunamuona ku misa. Leo anabandika foto ya mwanamuke mwingine, mweupe! Huyu anamutupa namna gani? Hapana, hiyo ndoa siikubali!"

Nilitamani chini ipasuke. Nikasema pole pole, "Maman, ule wa ku foto ni miye."

Akaniangalia. Akaangalia foto. "Wewe? Walikufanya nini?"

Padiri alicheka mpaka akatoa miwani. Halafu akasema mulete foto ingine, yenye batu banaweza kujua ni nani anaolewa. Fabien naye, hata aibu hana, akanipeleka kupiga foto ile ile saa, na mabutoni yote. Nilikasirika naye mpaka nyumbani.

Kesho yake nikaenda Katana kwa dada yangu mukubwa, ni infirmière, muuguzi. Aligomba kwanza. Akanieleza ile tube ilikuwa na cortisone: inafichaka mabutoni, ukiiacha yanarudi na hasira. Akanipeleka kwa munganga wa hospitali, akanipa crème ya mabutoni, kidogo tu mangaribi. Kunawa mara mbili kwa siku, sabuni ya pole, bila kusugua. Kutofinya, hata likikuita. Kufua kitambaa ya mto kila yenga. Na yale mafuta nzito nilikuwa napaka ku nywele, kumbe yalikuwa yanashuka ku paji! Nilipunguza, paji ikapona ya kwanza.

Haikukuwa yenga moja. Ilikuwa miezi. Siku ya ndoa mabutoni nilikuwa nayo bado, nikaolewa nayo.

Lakini yenga ile foto mupya ilibandikwa, nilienda kusali ku parokia ya Fabien. Nikamukuta Maman Véro mbele ya tablo na ufagio yake. Akaweka kidole ku foto, ku shavu, akageuka, akaweka kidole kile kile ku shavu yangu.

"Huyu njo ninamujua," akasema. "Huyu, bamuoleshe." Akaendelea kufagia.

Wakuu, nililia tena, ila hiyo ilikuwa ya furaha. Miye nilikuwa naficha sura, kumbe ile sura kuko mutu alikuwa anaipigania.

Leo ngozi imetulia, madoa mawili matatu. Ile foto ya mabutoni iko mu kadre ku ukuta ya salon, sebule yetu, Fabien amekataa kuitoa.

Mwenye alitoka mu melanje, andika hapa chini alitokaje, tusaidiane. Na mwenye iko na kopo yake sasa hivi chini ya kitanda, sema tu. Humu hamuna padiri.