Mama Dobi na Kopo Lisilo na Jina

Hakuna nguo iliyopita mikononi mwa Mama Dobi bila kupimwa. Sabuni mpya ikija, hata muuzaji aape mpaka sauti imkauke, yeye hupindua nguo, akapaka tone moja upande wa ndani wa pindo, akangoja. Kwa miaka ishirini na miwili hajamrudishia mtu nguo iliyobabuka.

Alikuwa mwoga, hilo hakulificha. Mlango aliufunga, akaenda, akarudi kuutikisa. Watu walimcheka, naye aliwaacha wacheke.

Jioni moja binti yake alirudi kutoka mazoezini akiburuta mguu. Msuli wa nyuma ya paja ulikuwa umemkata ghafla akiwa mbioni, na zilibaki siku tisa kabla ya mashindano. Mkononi alishika kopo dogo la bati.

"Kanipa mwalimu wa michezo. Nichuliwe asubuhi na jioni, kesho nirudi uwanjani."

Mama Dobi aligeuza kopo juu chini. Hakukuta jina wala neno lolote. Alipolifungua, harufu ilimpanda puani hadi machozi yakamlengalenga.

"Ndiyo dawa yenyewe hiyo!" alisema wifi yake, aliyekuja kuchukua mashuka. "Ikichoma ujue inafanya kazi. Lete nimchue."

"Ina nini ndani?"

"Mizizi, mafuta, nitajuaje? Kwani unataka kuipika?"

Mama Dobi aliweka pasi kando. Alikunja mkono wa gauni, akapaka kidogo ndani ya kiwiko, penye ngozi laini, akarudi kwenye pasi yake.

Wifi akaangua kicheko. "Makubwa haya! Mtoto amekuwa shati?"

"Shati ningepata jingine, wifi yangu."

Alipomaliza kunyoosha shati la tatu, kiwiko kilikuwa kinawaka kama kimeguswa na pasi. Akaosha kwa sabuni na maji mengi. Kulipokucha, malengelenge matatu yalikuwa yamejipanga pale pale.

Binti aliyaona, akalia, lakini si kwa ajili ya mkono wa mama yake. "Wenzangu wote wanapaka! Nafasi yangu atapewa mwingine!"

"Apewe. Mguu je, nani atakupa mwingine?"

Wakaenda zahanati. Tabibu alibonyeza paja taratibu, akasema nyuzi za msuli zimechanika kidogo. Alitaka apumzike, akandwe kwa kitambaa cha maji baridi, afungwe bendeji, arudi baada ya wiki. Kopo alilinusa tu, akalisukuma mbali. "Siwezi kukuambia ni salama wakati sijui kilichomo. Na msuli uliochanika hausuguliwi. Ukiyaficha maumivu ukakimbia, unauchana zaidi."

Kutoka hapo Mama Dobi alikwenda moja kwa moja uwanjani, kopo mkononi, mkono wa gauni ukiwa umekunjwa hadi begani, akamwuliza mwalimu kilichomo.

"Mama, dawa hii tunaitumia miaka yote," alisema mwalimu. "Nani amekufa?"

"Sikuuliza nani kafa, mwalimu. Nimeuliza ina nini."

"Mimi nanunua tu kwa mtu."

"Basi jipake. Hapa hapa, tuone."

Mwalimu aliyatazama malengelenge, akatia mikono mfukoni. Wasichana waliokuwa wakichekacheka wakasogea karibu. Mmoja wao, mrukaji, akashusha soksi polepole. Kovu jeusi lilimzunguka muundi. "Mimi nilisema inaniunguza, nikaambiwa nadeka," alisema.

"Kama hachuliwi, binti yako hatakimbia," mwalimu alikata maneno.

"Hatakimbia. Na kopo hili hulipati tena."

Siku ya mashindano binti alikaa nyumbani kati ya ndoo za kufulia, mguu juu ya kigoda, mgongo kwa mama yake. Adhuhuri yule mrukaji aliingia akihema kutoka uwanjani, kopo mkononi.

"Mwalimu kaleta dawa nyingine. Hii ina karatasi! Mama Dobi, nikupe uipime?"

Kabla mama hajageuka, binti alinyoosha mkono, akalichukua kopo, akasoma mbele na nyuma.

"Wameandika inatibu kila kitu. Kilichomo ndani hawajakiandika." Akalirudisha. "Mrudishie mwalimu. Mwambie aanze na kiwiko chake."

Mama Dobi aliinamisha uso juu ya kola aliyokuwa akiinyoosha. Ilikuwa imenyooka zamani, lakini aliipitishia pasi tena.