Mwiko Uliokwenda Shropshire

Marcella hakuwahi kuona haya kumdharau mtu, na sasa alipokuwa na wajukuu aliona hakuna sababu ya kuanza kujizuia. Alidharau viazi vya jirani, alidharau kwaya ya kanisa la ng'ambo ya barabara, na zaidi ya vyote alidharau geti la Angeline. Lilikuwa geti la chuma, jekundu, lenye simba wawili waliochomelewa katikati. Simba gani hao wenye masikio ya mbuzi, aliuliza kila alipolipita. Lakini moyoni geti lile lilimchoma. Nyumba yake mwenyewe, ile ya mawe yenye sakafu ya vigae ambayo binti yake Kendi alimjengea, ilikuwa na nguzo mbili tu za geti na katikati yake hapakuwa na kitu. Ng'ombe waliingia na kutoka kama wenye mali.

Kendi alikuwa Uingereza, katika jimbo liitwalo Shropshire, bara kabisa, ambako aliajiriwa kuangalia wazee. Alikuwa ametuma picha moja, amesimama mbele ya nyumba ya matofali yenye mlango wa buluu, anacheka. Picha hiyo kijiji chao kizima cha Ruiri kiliiona, wengine mara mbili bila kuomba. Marcella hakusema kwamba nyumba ile ni ya Kendi. Aliinyoosha simu tu mbele ya macho ya mtu, akanyamaza kwa namna ambayo mtu angejijazia mwenyewe.

Kendi alipomtumia tikiti akamtembelee, kikundi cha akina mama kilikutana. Mwenyekiti wake alikuwa Angeline huyo huyo. Kikundi hicho kilikuwa na desturi yake: binti wa mwanachama akipata kwake, mama humpelekea mwiko wa mti wa muringa, humpikia ugali wa kwanza katika jiko lake, kisha huuacha mwiko hapo. Akirudi hueleza jiko alilolikuta, kama ni la kuni au la gesi, dirisha linatazama wapi, maji yanatoka wapi. Mama asiyeona jiko hakumtembelea binti yake, alipita tu njiani. Angeline mwenyewe ndiye aliyemkabidhi Marcella mwiko, mbele ya wote, kwa tabasamu la mtu anayekusubiri kwenye kona.

Kwa hiyo Marcella alivuka mawingu akiwa na mwiko kwenye kiondo, na jambo moja tu kichwani, nalo ni jiko la Kendi.

Kendi alimpokea kwa machozi na akampeleka kwenye nyumba ndogo ya mawe aliyoikodi kijijini, yenye maua dirishani. Alisema kwake wanapaka rangi, harufu ingemuumiza Mami kifua, basi wangekaa hapo kwanza. Halafu akaingia jikoni kuchemsha chai. Alifungua droo ya kwanza kutafuta kijiko, hakikuwepo. Akafungua ya pili, kisha ya tatu. Marcella aliketi mezani akitazama mgongo wa mwanawe. Mwanamke asiyejua vijiko vinakaa wapi hayuko jikoni mwake. Mwiko ulibaki ndani ya kiondo.

Kuanzia kesho yake Kendi alimtembeza, na Marcella, kwa kuwa alikuwa na hasira asiyotaka kuisema, aliimwagia Shropshire yote. Walikwenda mjini Shrewsbury kuona nyumba za kale, za mbao nyeusi na lipu nyeupe, zilizoinama juu ya njia kama walevi wanaosalimiana. Wageni walizipiga picha. Marcella alitaka kujua kama nchi hii haina fundi mwenye timazi, maana nyumba ya namna hiyo kwao Ruiri mtu angeibomoa kabla haijamwangukia mtoto. Walikwenda kuona daraja la chuma ambalo watu walisema ni la kwanza la aina yake duniani. Akauliza magari yanapita saa ngapi. Hayapiti, Kendi alimwambia, ni la watu kutembea na kutazama. Marcella akalitazama, akasema ni chuma kingi sana kwa kazi ya kutazamwa.

Vilima ndivyo vilivyomkera zaidi. Watu wazima, wenye nguvu zao, walipanda kilima wakiwa na fimbo mbili mbili, wakafika juu, wakala mkate, wakashuka. Hawakuwa na kuni wala majani ya ng'ombe mgongoni. Aliwatazama wakishuka mikono mitupu na akawasikitikia kwa sauti, kwa Kimeru, ambacho kwa bahati hawakukijua. Wao walimpungia mkono.

Hatimaye walifika Ludlow, kwenye ngome ya kale ya wafalme. Walilipa mlangoni, wakaingia, na Marcella akainua macho akaona mbingu. Haikuwa na paa. Ukuta ulisimama huku na kule, nyasi zimeota mahali watu walipokula. Kendi, ambaye alikuwa amesoma vibao vyote, alimwonyesha mahali palipokuwa jiko kuu la ngome. Palikuwa na pango la moto ukutani, pana kiasi cha kumchoma ng'ombe mzima.

Marcella alisimama ndani ya jiko hilo la watu waliooza zamani, na subira ikamwishia.

"Kendi," alisema, "umenionyesha nyumba za wafu zote. Sasa nionyeshe yako."

"Mami, si nilikuambia wanapaka rangi?"

"Basi nitaiona rangi ikiwa mbichi."

Kendi akachukua mkoba wake wakaenda kupanda basi.

Kilikuwa chumba kimoja juu ya duka lililofungwa. Kitanda kilikuwa kimoja pia, na walikilalia wawili kwa zamu, Kendi na msichana kutoka Zimbabwe. Huyu akiwa kazini mchana, yule alilala, na usiku walibadilishana. Siku hizi za mgeni, msichana yule alikipata peke yake, na alikuwa ametoka tu kazini, amejifunika blanketi hadi kichwani. Hapakuwa na jiko. Mwenye nyumba alikataza kupika. Palikuwa na birika la umeme sakafuni, vikombe viwili, na msumari ukutani uliotundikiwa sare ya kazi. Ile nyumba ya mlango wa buluu, Kendi alieleza kwa kunong'ona ili asimwamshe mwenzake, ilikuwa ya mzee anayemwogesha.

Marcella hakuuliza mshahara unakwenda wapi. Alijua. Alikuwa akiukanyaga kila asubuhi, kigae kwa kigae, na tangi lake la maji lilisimama nyuma ya nyumba, na juu ya hayo yote alikuwa bado akidai geti. Aliona uchungu, na aliona aibu, na aibu ile haikuwa ya Kendi hata kidogo.

"Nilitaka urudi na kitu cha kuambia hao wamama," Kendi alisema. "Kitu kizuri."

Marcella aliutoa mwiko kwenye kiondo. Sufuria haikuwepo, wala moto, na unga aliokuja nao haukuwa na kazi. Akaufunga uzi, akautundika kwenye msumari, juu ya sare. Kisha wakaketi sakafuni, mama na mwana, wakanywa chai ya birika, msichana wa Zimbabwe akikoroma taratibu nyuma yao.

Siku ya kikundi, Ruiri, hakuna aliyechelewa. Angeline alikuwa ameandaa chapati, jambo ambalo hakuwafanyia hata wageni wa dayosisi. Marcella alianza na Shrewsbury. Alisifu nyumba za mbao nyeusi, alisifu ufundi uliosimama miaka mia kadhaa, akalisifu daraja la chuma hadi likang'aa. Hata wapanda vilima aliwasifu, kwamba ni watu wanaojali afya. Alidharau kila neno lililotoka kinywani mwake na akaendelea kulitoa. Akina mama walisikiliza midomo wazi.

"Sawa, Mama Kendi," Angeline alisema mwishoni. "Na jiko?"

Marcella alikunywa chai kwanza.

"Jiko nililosimama ndani yake," alisema, "pahali pa moto unaweza choma ng'ombe mzima. Juu ni wazi, mwanga unaingia kote. Watu wanatoka mbali kuja kuona."

"Na mwiko?"

"Ulibaki na Kendi. Alisimama akiona nikiutundika ukutani."

Angeline aliinuka akakusanya sahani za chapati mwenyewe, na kwa Angeline hiyo ilikuwa adhabu. Siku nyingine Marcella angeinywa furaha hiyo hadi tone la mwisho. Safari hii aliiacha kikombeni. Alipofika nyumbani hakuketi hata. Alimpigia Kendi akamwambia asitume tena hela ya geti, si mwezi huu wala ujao, atafute chumba chenye jiko. Kendi alianza kubisha. Marcella akamwambia kwamba hajampigia simu ili wabishane, akakata.

Miezi imepita na nguzo mbili zimebaki vile vile. Ng'ombe wanapita katikati. Angeline hupita njia hiyo akienda sokoni, na hivi majuzi hakuweza kujizuia tena. Alisimama, akaishika nguzo moja kama anayeipima.

"Mama Kendi, hii geti itakuja lini? Ama Kendi alikusahau?"

Marcella alikuwa akichambua maharagwe barazani. Hakuinua kichwa.

"Huko Shropshire," alisema, "jumba la wafalme halina hata paa, na watu wanalipa ndio waingie. Wewe hapa unapita bure."