Mialiko ya Bi Afra

Kwa Waunguja na Wapemba wa upande wetu wa mashariki ya London, shughuli isiyopitiwa na Bi Afra ilikuwa haijaalikwa. Iwe harusi, hitima au arubaini, yeye ndiye aliyepita nyumba kwa nyumba, na buibui lake na raba miguuni. Ujumbe wa simu aliudharau. "Mtu haalikwi kwa kidole," alisema. Na kweli, ukialikwa na Bi Afra ulikwenda hata kama una homa.

Kwa hiyo Bwana Harjit, mzaliwa wa Nakuru, alipogombea udiwani, alijua pa kuanzia. Ni yeye peke yake aliyeahidi kuutetea ukumbi wa wazee usifungwe. Bi Afra hakuwa na habari na vyama. Alikuwa na mumewe, Mzee Muhsin, ambaye maradhi ya kusahau yalikuwa yamemmaliza. Nyumbani alinyamaza siku nzima. Lakini kila Jumatano pale ukumbini, akikaa na wazee wenziwe wakicheza karata, ulimi ulifunguka. Alitania, akagomba, akamwita mkewe kwa jina. Jumatano ndiyo siku ambayo Bi Afra alikuwa na mume.

Mwaka ule mipaka ya kata ilichorwa upya. Barabara kuu ikawa mpaka: maghorofa ya ng'ambo, walikojaa watu wetu, yakaenda kata nyingine, na sisi tukapewa mitaa ya nyuma ya reli. Harjit alikuja na ramani.

"Mama, hao wa ng'ambo hawawezi kunipigia kura tena. Wameingia ward ingine. Twende hii side ya reli."

"Kwa nani?" Bi Afra aliuliza. "Huko sina mtu. Nibishe hodi kwa mtu nisiyemjua, nimwambie nini? Wewe niachie watu wangu."

Mimi jirani yake nilimwambia kama alivyosema Harjit, tena kwa ukali, maana upole sikujaaliwa. Akanijibu kuwa watu si viwanja, hawagawiwi kwa rula. Akavuka barabara. Wiki nzima alipanda ngazi za maghorofa yale na magoti yake mabovu, na kila mlango ulimwambia inshallah, Bi Afra, tutakwenda.

Na walikwenda. Hilo ndilo linaloniuma. Walipanga foleni mvuani, wakapewa karatasi isiyo na jina la Harjit, wakatia alama kwa yeyote. Harjit alishindwa kwa kura chache, na kabla ya baridi kuingia ukumbi ulifungwa.

Mwanzoni Mzee Muhsin alivaa kofia yake kila asubuhi akakaa karibu na mlango. Halafu akaacha. Bi Afra aliwaita wale wazee nyumbani, lakini mzee aliwatazama tu, hakuwajua. Hakumwita mkewe kwa jina tena.

Mzee alilazwa hospitali baada ya mwaka mpya. Wodini alihudumiwa na mama mmoja Mkongo, Angélique, ambaye siku moja alimsemesha Kiswahili. Bi Afra alishtuka, akamuuliza anakaa wapi.

"Kule nyuma ya reli, mama. Tuko wengi. Baba yangu naye anakaa tu mu nyumba, hana mutu wa kusema naye."

Bi Afra akamsimulia habari ya ukumbi na ule uchaguzi. Angélique alisikiliza huku akimfunika mzee shuka.

"Hakuna mutu alikuya kutuambia," alisema. "Tungekuya siye wote."

Nilikuwepo, na sijapata kumwona Bi Afra akiaibika namna ile mbele ya mgonjwa wake. Mzee alifariki wiki hiyo.

Arubaini ilipokaribia, alinituma mimi nikaalike ng'ambo. Yeye alijifunga buibui akaenda nyuma ya reli, akabisha kila mlango, kwa watu asiowajua, akajitaja jina na kusema mumewe amefariki.

Walikuja wote. Walijaa sebuleni, wakajaa ngazini, wakasimama mpaka barabarani na wazee wao kwenye baridi, na hatukuwa na pa kuwaweka.