Vimbunga Havifiki Kisesa

Kituo changu cha kwanza cha ualimu kilikuwa shule ya kijiji cha ujamaa, nje kidogo ya Kisesa. Nilikuja kwa meli kutoka Bukoba, nikashuka Mwanza na godoro na sanduku la bati, mume wangu akanisindikiza mpaka kijijini. Hatukuwa na muda mrefu tangu tufunge ndoa. Yeye alikuwa fundi wa injini katika meli za ziwani, lakini kabla mwaka haujaisha alipata kazi kwenye meli ya mizigo ya baharini, iliyotoka Dar es Salaam kwenda Mtwara, Msumbiji hadi Madagaska. Akapanda treni, akaniachia redio.

Nyumba yangu ilikuwa ya mwisho kwenye mstari. Jirani yangu wa pekee alikuwa bibi mmoja wa Kisukuma, mjane, aliyehamishwa na serikali pamoja na watu wote wa kwao kuja kuishi karibu na barabara. Binti zake walikuwa wameolewa mbali. Kaburi la mumewe lilibaki kule mahame, na jambo hilo lilimuuma kuliko nyumba aliyoiacha.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwalimu. Bwana yuko wapi leo?"

"Yuko baharini."

"Bado tu?"

Darasa la saba niliwafundisha jiografia. Siku ya somo la vimbunga nilichora ramani ya dunia ubaoni, nikaanza kuwaeleza. Vimbunga huzaliwa juu ya bahari yenye maji ya moto, wakati joto limekwisha kukusanyika kwa miezi mingi. Kule Karibi na Marekani huja kati ya Juni na Novemba. Upande wa Uchina na Japani huitwa taifuni, na huweza kutokea karibu mwaka mzima. Katika Bahari ya Hindi kusini kwetu, msimu wake ni Novemba hadi Aprili, na vibaya zaidi ni vya Januari, Februari na Machi. Hapo nilikuwa nimeweka chaki kati ya Msumbiji na Madagaska. Sikuiondoa upesi.

Msichana mmoja akanyoosha mkono. "Mwalimu, na hapa ziwani?"

"Hapa havifiki. Tuko karibu mno na Ikweta. Upepo ukitaka kuwa kimbunga lazima uzunguke, na huku kwetu dunia haiuzungushi. Tena ziwa letu, pamoja na ukubwa wake, ni dogo kwa kazi hiyo."

"Lakini mitumbwi inazama."

"Inazama, ndiyo. Ile ni dhoruba ya radi, inakuja na kupita. Kimbunga hukaa siku nyingi, kinatembea."

Waliandika. Mimi nilirudi nyumbani nikiwa nimejitisha mwenyewe.

Tangu siku hiyo sikukosa taarifa ya habari ya jioni. Betri zilikuwa adimu. Duka la kijiji lilikuwa na chumvi na viberiti, basi. Betri nilizianika juani mchana ili zipate nguvu kidogo, na jioni nikafungua redio kwa muda wa habari tu. Bibi akazoea kuja na kigoda chake na michembe, vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa, kwenye kibakuli. Kiswahili cha redio kilimpita kasi, kwa hiyo alingoja niifunge.

"Huo upepo umefika wapi?"

"Leo hawakuutaja."

"Basi tule."

Mwezi wa pili redio ikasema kimbunga kimepiga pwani ya Msumbiji, na kwamba meli kadhaa hazijulikani ziliko. Hawakutaja majina ya meli. Nilikaa na ile redio mapajani baada ya kuifunga. Bibi aliweka chini kibakuli chake. Alikwenda kwake, akarudi na mkeka, akautandika ndani, karibu na mlango wangu, akalala hapo mpaka asubuhi. Kesho yake nilikwenda posta ya Mwanza kupiga simu ofisi ya meli yao, Dar es Salaam. Nilingoja mpaka wakafunga, simu haikushika. Nikarudi na basi la jioni, nimesimama njia nzima, na katika watu wote wale sikuwa na hata mmoja wa kumwambia.

Niliendelea kufundisha. Usiku mvua ikinyesha juu ya bati niliota maji ya chumvi.

Mwishoni mwa Aprili mume wangu akatokea mlangoni, amenenepa, ana shati jipya. Nililia mpaka akashangaa.

"Kuna nini?"

"Kimbunga. Mlikuwa wapi wakati wa kimbunga?"

Akacheka. "Kimbunga gani? Tulipelekwa Tanga kupakia katani, meli iko huko tangu Krismasi. Injini imekufa, vipuri hakuna. Nimekaa nchi kavu muda wote huo."

"Muda wote huo? Na hukuniambia?"

"Ningekuambia nini? Hakukuwa na la kusema."

Alisema hivyo bila ubaya wowote, akavua viatu, akaomba maji ya kuoga. Nami nikiwa nachota maji nikaona kwamba nilikuwa mpweke zaidi sasa, yeye akiwa ndani, kuliko siku zile nilipodhani yuko chini ya bahari.

Alikaa wiki moja akarudi Tanga. Mwaka uliofuata alikuja mara moja. Kisha kaka yake akanijia, akanieleza kwa heshima kwamba kule Tanga kuna mwanamke na mtoto. Nilimkaribisha chakula, akala, akaenda zake.

Baada ya miaka michache, ukali wa kuhamisha watu ulipopoa, bibi alianza kurudi kwao, taratibu, jembe kwanza, kisha vyungu. Siku ya mwisho nilimbebea kinu. Palikuwa mbali, njia imefunikwa na majani. Kaburi alikuwa amekwisha kulipalilia, udongo mwekundu umelowa. Akapika ugali wa mtama na dagaa, tukala tukiwa tumeketi juu ya jiwe kubwa.

"Lala huku leo," akasema.

"Kesho nina darasa, mayu," nikamjibu, nikimwita mama kwa lugha yake.

Akanishika mkono, kisha akauachia. Nilitembea peke yangu mpaka barabarani. Kijijini, mlango wa nyumba ya bibi, uliokuwa jirani na wangu, ulikuwa umeondolewa, na kuku wa mtu walikuwa wameanza kuingia.