Mlango wa Magitaa Matatu

Magitaa ninayotengeneza hapa Nyahanga, Kahama, ni machache, na watu hudhani ni maringo. Ngoja nieleze. Gitaa linataka mbao iliyokauka kwa miaka mingi, na mbao ya namna hiyo haipatikani dukani. Huipata mahali ilipokuwa ikifanya kazi nyingine: kitanda cha marehemu, fremu ya dirisha, boriti ya ghala la pamba lililobomolewa. Kila kimoja hutoa magitaa mawili au matatu, kisha kimekwisha. Huwezi kumwomba marehemu alete kitanda kingine. Ndiyo maana ndani ya kila gitaa, pale unapopaona ukichungulia kwenye tundu, naandika mbao imetoka wapi na gitaa lenyewe ni la ngapi kati ya mangapi.

Kigango kimoja cha upande wa Ushirombo kilijenga kanisa jipya, kikang'oa mlango wa kanisa la zamani. Ulikuwa mlango wa mninga, wa pande mbili. Wazee wa kigango walitaka utengenezwe meza. Kwaya ikasema hapana, watu waliopita kwenye mlango ule siku ya ndoa zao wangependa kuusikia kuliko kuulia chakula. Wakabishana wiki nyingi, mpaka wakafikia mapatano: nichukue kwanza upande wa kushoto, ulioliwa na mchwa chini na kupigwa na mvua, nitoe gitaa moja. Likipendwa, nipewe upande wa kulia. Lisipopendwa, wa kulia unakuwa meza.

Upande wa kulia ndio niliokuwa nautamani. Ulikaa chini ya kibaraza, mvua haikuufikia. Ukitaka kujua mbao njema ya mgongo wa gitaa, ishike kwa vidole viwili kwenye kona, iache ining'inie, uigonge kwa kifundo cha kidole. Mbao mbovu hujibu mara moja na kunyamaza, kama mtu aliyeulizwa deni. Mbao njema huendelea kusema. Upande ule ulikuwa mzito, hauning'iniziki, lakini niliuegemeza ukutani nikaugonga, ukaendelea kusema mpaka katekista akageuka kutazama nani anapiga kengele. Ungetoa magitaa mawili, na pamoja na lile la kwanza yangekuwa matatu ya mlango mmoja, basi.

Nilifanya kazi ile kwa moyo. Mgongo na ubavu ni mninga wa mlango. Ubao wa mbele ni msonobari wa makreti yanayoleta mashine mgodini, ambayo mafundi wa Bugarama huyanunua na kuyavunja. Niliupiga randa mpaka nikiuinua kwenye mwanga naona kivuli cha mkono wangu upande wa pili. Gundi ni ya ngozi ya ng'ombe, ile ambayo nikiichemsha majirani hufunga madirisha. Na kwenye daraja, pale nyuzi zinapolala kabla ya kufungwa, niliweka kipande chembamba cha mfupa wa ng'ombe. Kumbuka kipande hicho cha mfupa. Urefu wake ndio unaoamua nyuzi zikae juu au chini.

Sasa niseme lile linalonipa shida kuliandika. Mimi sijui kupiga gitaa. Nilianza na vitanda na majeneza, nikaingia kwenye magitaa kwa kupenda mbao, si kwa kupenda nyimbo. Vidole vyangu vya mkono wa kushoto havitii. Nyahanga wote wanajua, na wateja huja na mikono yao ya kujaribia. Ushirombo hakuna aliyewahi kuniuliza.

"Wakikuambia upige?" mke wangu aliniuliza asubuhi ya safari, akinifunga kifungo cha shati.

"Nimealikwa kukabidhi, mama watoto. Si kupiga."

"Kule kwetu Mhunze mtengeneza ngoma huipiga yeye kwanza."

"Mimi si wa Mhunze."

"Haya, baba. Utaniambia jioni." Lakini alikuwa anakuja pamoja nami, kwa hiyo hapakuwa na cha kumwambia jioni.

Misa ilipokwisha, waumini hawakutoka. Mwenyekiti wa kigango, mzee mrefu niliyemwamkia shikamoo mara mbili siku ile kwa wasiwasi, alilinyanyua gitaa juu ili watu wa nyuma walione. Wanawake wakapiga vigelegele. Mama mmoja alisogea akaugusa mgongo wa gitaa, akasema, "Hapa ndipo nilipopita na shela." Upande wa kulia wa mlango ulikuwa umeshaletwa, umeegemezwa nje karibu na mlango mpya wa chuma, unangoja.

Mwenyekiti akanirudishia gitaa.

"Wabeja sana, fundi, tunashukuru. Sasa tupigie wimbo mmoja, tusikie tulichokipata."

Nilidhani nitasema jambo la maana. Nilichofanya ni kuzikaza nyuzi. Nikaugusa uzi wa kwanza, nikaukaza kidogo, nikaugusa tena. Nikaenda wa pili. Nikafika wa sita, nikarudi wa kwanza, kwa kuwa hakukuwa na wa saba. Nilipoinua kichwa watu wakapiga makofi.

Walidhani ule ndio wimbo.

Naomba unielewe. Kuchekwa nimezoea. Kupigiwa makofi kwa jambo ambalo hukulifanya ni kitu kingine, masikio yalinichoma. Mke wangu, kwenye benchi la tatu, alikuwa amefunika mdomo kwa kanga.

"Mzee wangu," nikamwambia mwenyekiti, "hapo nilikuwa nakaza nyuzi tu. Kupiga sijui."

"Hujui wimbo gani?"

"Wowote."

Kicheko kilianzia kwa wanakwaya kikaenda mpaka mlangoni. Mzee mmoja wa wale waliotaka meza, aliyekaa mbele na fimbo yake, hakucheka. "Mganga hajigangi, tumesikia," akasema. "Lakini dawa si huionja? Mpishi gani huyu anatuletea chungu ambacho hajatia kidole?" Kisha akageukia wenzake. "Niliwaambia meza."

Aliyeniokoa ni mpiga gitaa wa kwaya, mama mnene muuza dagaa, mwenye sauti inayofika sokoni kabla yake. Alikuja akifuta mikono kwenye gauni.

"Lete huyo mtoto, fundi. Kuzaa umezaa wewe, kulea tuachie wenye maziwa."

Akaketi, akalipakata, akalipiga mara moja kwa kidole gumba, kwa nguvu, namna wanavyopiga kwaya za huku ili gitaa lisimezwe na ngoma. Mara hiyo moja tu. Kisha akanitazama, na mkono wake ukabadilika. Akaanza wimbo wa taratibu, akizigusa nyuzi kama mtu anayemfuta mtoto machozi. Mninga ukasema. Nilikuwa nimeutengeneza kwa miezi na sikuwahi kuusikia ukisema hivyo. Yule mama aliyepita na shela alikuwa analia. Hata mzee wa fimbo aliinamisha kichwa.

"Gitaa hili lina adabu," mwenyekiti akasema wimbo ulipokwisha. "Halipigi kelele." Akawaita vijana wabebe upande wa kulia waupeleke kwenye gari letu.

Lakini mimi nilikuwa nimesikia lile pigo la kwanza. Nyuzi zilipigwa kwa nguvu zikayumba, zikagonga vyuma vya shingo ya gitaa, zikatoa mlio wa nyuki aliyefungiwa kwenye kopo. Nikaelewa papo hapo. Nilipokuwa najaribu gitaa karakanani nilikuwa nabana nyuzi kwa vidole vyangu hivi vizembe, na kwa kuwa viliumia, niliuchonga ule mfupa ukawa mfupi, nyuzi zikashuka, ikawa rahisi kubana. Kisha nikazigusa polepole, kwa woga, namna anavyogusa mtu asiyejua. Kwa mkono wangu lilikuwa gitaa zuri. Nilikuwa nimelipima kwa mkono usiofaa kulipima.

Nilimfuata yule mama pembeni.

"Umesikia," nikamwambia.

"Nina masikio."

"Mbona ukapiga taratibu?"

"Ulikuwa umesimama pale kama mtu aliyeibiwa suruali mtoni. Ningekuongezea?" Akacheka, kisha akashusha sauti, jambo ambalo nadhani halifanyi mara nyingi. "Chukua mlango wako uende. Utalirekebisha polepole, mimi nitakuwa nalibembeleza."

Vijana walikuwa wameshaunyanyua ule upande. Walikuwa karibu kufika kwenye gari. Ningeweza kunyamaza. Mfupa mpya ni kazi ya asubuhi moja, na nani angejua? Yeye na mimi. Lakini upande ule ulikuwa unatolewa kwa sababu ya wimbo, na wimbo ule ulikuwa huruma ya mama muuza dagaa.

"Subirini," nikawaambia vijana.

Nikawaeleza wote pale nje, na kwa kuwa sijui kueleza kifupi, nilieleza mfupa, nyuzi, vidole, kila kitu, huku jasho likinitiririka shingoni. Nikamwomba yule mama alipige tena kama anavyopiga Jumapili. Hakutaka. Nikamwomba tena. Akalipiga, na nyuki wakatoka mbele ya watu wote. Aibu ya pili ilikuwa kubwa kuliko ya kwanza, maana hii niliiita mwenyewe.

Mzee wa fimbo alikuwa wa kwanza kusema. "Sasa ameonja," akasema, wala hakutaja meza.

Mwenyekiti aliamuru upande wa kulia urudishwe ukutani. Gitaa nirudi nalo. Nikishalirekebisha nililete, na siku hiyo, akasema, hatapiga mama muuza dagaa. Nitapiga mimi, pigo moja la nguvu, mbele ya watu. Likitoka safi, mlango wangu.

Njiani kurudi mke wangu hakunitania mpaka tulipoiona Kahama. "Angalau sasa una shule ya kwenda," akasema.

Mfupa mpya nilioupata kwa mchinjaji nimeshauchonga, mrefu kidogo, na nyuzi zimekaa juu mahali pake. Zinaumiza. Yule mama hunipigia simu kutoka gengeni kwake, wateja wakisikia, akinifundisha mkao mmoja tu wa vidole vitatu. "Bana kama unamkamata kuku anayekimbia. Mbona sisikii? Unamwogopa nani?" Huniambia pia kwamba upande wa kulia bado umeegemea palepale, na mbuzi wa katekista wameanza kujikuna hapo. Mbuzi wakijikuna kwenye mninga hainiudhi. Mzee wa fimbo akipita karibu nao na futi kamba, kama nilivyoambiwa alifanya juzi, usingizi hunipotea.

Kama wewe pia umefika utu uzima hujui jambo ambalo watu wanadhani unalijua, nikuambie: vidole hujifunza. Huchelewa, na huona haya kuliko mwenyewe, lakini hujifunza. Ncha za vyangu zimeanza kuwa ngumu. Jana niliweka mkao ule, nikafumba macho, nikapiga kwa nguvu. Uzi mmoja haukulia, ulikuwa umezibwa na kidole cha pete. Zile tano zililia safi, bila nyuki.

"Huo sasa ni wimbo au unakaza nyuzi?" mke wangu akauliza kutoka jikoni.

Nilikisogeza kidole cha pete kidogo, nikapiga tena. Jumapili tunakwenda.